Jinsi bunduki ya mwindaji ilivyovikwa mabaka

Kwa zaidi ya miaka mia mbili, fundi wa bunduki huko Ulaya alipimwa kwa mng'aro wa kazi yake. Kitako kilichongwa kwa mbao ya mjozi, kikapigwa msasa, kikapakwa mafuta ya kitani safu juu ya safu mpaka mishipa ya mbao ikajitokeza. Mtutu ulisuguliwa hadi mwenye nao aweze kujitazama uso, ndipo ukatiwa dawa ya kuugeuza rangi. Kwenye vibati vya ubavuni fundi mwingine alinakshi ndege, mbwa na majani kwa patasi ndogo. Bunduki ya namna hiyo ilikuwa mali ya ukoo. Baba alimwachia mwanawe, naye akaitunza.

Leo, katika majimbo ya kusini mwa Marekani, mwindaji wa bata mzinga hununua bunduki mpya ya marisau akiwa tayari amekusudia kuufuta mng'aro huo. Akifika nyumbani huhakikisha haina risasi, huifungua vipande, huziba matundu kwa tepu, kisha huipulizia rangi ya kopo: kaki iliyofifia kwanza, halafu kijani na kahawia, huku amelaza majani halisi juu ya kitako ili yaache kivuli chake. Mchana mmoja unatosha. Kazi ya fundi aliyeing'arisha imefunikwa, na mwenye bunduki anafurahi.

Kati ya bunduki hizo mbili kuna hadithi ndefu, na wahusika wake wengi hawakuwa wawindaji hata kidogo. Wamo wachoraji wa picha za matajiri, rais mmoja wa Marekani, mtaalamu wa mamba wa Uganda na mwandishi wa safu ya bustani. Sehemu yake moja ilitokea kwenye mikoko ya Rufiji.

Adui wa kwanza alikuwa mng'aro wenyewe. Mnyama wa porini huenda asijue bunduki ni nini, lakini anajua kwamba nyika haimetameti isipokuwa penye maji, na anajua kwamba kitu kikimeta kisha kikasogea hapo pana hatari. Dawa ya kale ya tatizo hilo ilikuwa kutu ya makusudi. Mtutu uliosafishwa mafuta yote ulipakwa maji ya tindikali, ukaachwa mahali penye unyevu mpaka ushike kutu, ukasuguliwa kwa brashi ya waya, ukapakwa tena, ukaachwa tena. Baada ya mizunguko kadhaa, chuma kilivaa ngozi nyembamba ya kahawia isiyorudisha mwanga, na ngozi hiyo ilikizuia chuma kisiliwe zaidi. Hiyo ni miongoni mwa rangi za kwanza za kujificha ambazo bunduki ilipata kuvaa, na ilitengenezwa kwa chuma chenyewe.

Majeshi yaliichukua akili hiyo kwa watu wa porini. Katika karne ya 18 watawala wa nchi za Kijerumani walianza kuandikisha wawindaji na watunza misitu katika vikosi maalumu, watu waliozoea kulenga kutoka mbali na kujibanza nyuma ya mti, wakiwa wamevaa kijani badala ya rangi za gwaride. Waingereza wakafuata. Mwaka 1800 waliunda kikosi cha walenga shabaha waliovaa kijani kilichokolea, na bunduki aina ya Baker waliyopewa ilikuwa na mtutu uliopikwa kutu ya kahawia. Mwaka huohuo ofisa mmoja, Charles Hamilton Smith, aliwapa walenga shabaha mbao za rangi mbalimbali wazipige kutoka mbali, kisha akahesabu matundu. Mbao nyekundu zilitobolewa mno. Za kijivu ndizo zilizopona zaidi. Jeshi la Uingereza lilikuwa na jibu hilo mkononi, lakini liliendelea kuwavalisha askari wake wengi koti jekundu kwa miaka mingi baada ya hapo.

Mmoja wa watu wa kwanza kuuliza kwa kina kwa nini kitu kinaonekana au hakionekani alikuwa Abbott Thayer, mchoraji wa Marekani aliyeishi Dublin, New Hampshire. Thayer alijulikana kwa picha za malaika na wanawake wenye mabawa, lakini akili yake ilikuwa kwa ndege na wanyama. Mwaka 1896 aliandika jambo ambalo kila mtu alikuwa amelitazama bila kuliona: wanyama wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Jua linapiga mgongo na kuutia nuru, tumbo linabaki kivulini, na rangi ya mnyama inafanya kinyume cha jua. Matokeo yake ni kwamba umbo la duara linapoteza unene wake, na jicho linaona ubapa mahali palipo na mwili. Mwaka 1909, pamoja na mwanawe Gerald, alitoa kitabu kizima juu ya rangi za kujificha. Humo aliongeza hoja ya pili iliyokuja kuwa na uzito mkubwa: madoa na mistari inayokata mwili vipande vipande humfanya mtazamaji asione mnyama, bali aone mabaka yasiyo na uhusiano.

Tatizo la Thayer ni kwamba aliipenda hoja yake kupita kiasi. Alisema kila mnyama amejificha, hata tausi, hata heroe, ambaye kwa maelezo yake alikuwa mwekundu ili apotee kwenye anga la machweo.

Maneno hayo yalimkuta Theodore Roosevelt akiwa Afrika Mashariki. Roosevelt alikuwa ametoka madarakani Machi 1909, na mwezi uliofuata akashuka Mombasa na mwanawe Kermit kwa safari ya uwindaji na ukusanyaji wa vielelezo kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Walizunguka Kenya na Uganda, wakamalizia Khartoum Machi 1910. Kwa miezi hiyo yote alitazama punda milia, twiga, nyumbu na kongoni mbugani akiwa na bunduki mkononi, na alichokiona hakikulingana na kitabu cha mchoraji. Kwa macho yake, punda milia wa uwanda wa wazi alionekana kutoka mbali sana, tena hakujali kuonekana. Alitegemea macho yake, miguu yake na wenzake. Roosevelt aliandika hayo katika kitabu chake cha safari na kuyarudia kwa urefu mwaka 1911 katika jarida la makumbusho ya New York, kwa ukali ambao wasomi wa siku hizo hawakuuzoea.

Wote wawili walikuwa na sehemu ya haki, na mabishano yao yana faida kwa mtu anayeshika kopo la rangi hadi leo. Thayer aliona sawasawa jinsi rangi inavyoweza kulidanganya jicho. Roosevelt aliona kwamba rangi haifanyi kazi yoyote mahali ambapo mnyama ana nafasi ya kutazama na mwindaji ana lazima ya kusogea. Bunduki aliyoibeba Roosevelt mwenyewe, mojawapo ikiwa ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza, ilikuwa kazi ya kifahari ya mafundi wa London. Haikuwa na baka hata moja, nayo iliangusha wanyama wakubwa wa Kenya na Uganda.

Vita ya mwaka 1914 ndiyo iliyowatoa wachoraji kwenye vibanda vyao vya kazi. Askari wa Ufaransa waliingia vitani wakiwa na suruali nyekundu, na bunduki za rashasha za Wajerumani ziliwavuna. Katika kikosi cha mizinga kulikuwa na mchoraji wa picha za watu wa hadhi, Lucien-Victor Guirand de Scévola, ambaye alifunika mzinga wake kwa turubai lililochorwa rangi za ardhi na majani. Wakubwa walirusha ndege kuutafuta, na mwaka 1915 jeshi la Ufaransa likaunda kikosi rasmi cha kazi hiyo. Nembo yake ilikuwa kinyonga. Mwandishi Gertrude Stein alisimulia kwamba alikuwa na Pablo Picasso mjini Paris usiku mmoja, mzinga uliopakwa mabaka ukapita barabarani, na Picasso akadai kwamba hiyo ni kazi yake na wenzake, waliokuwa wakivunjavunja maumbo kwenye turubai miaka kadhaa kabla ya jeshi kufikiria hivyo.

Wakati huohuo, kwenye pwani ya Tanganyika, mabaharia walikuwa wakifanya kazi ileile bila mchoraji. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mdomo wa mto Rufiji. Mabaharia walikata miti na matawi, wakayafunga kwenye milingoti na pande za meli, mpaka kutoka baharini ikawa vigumu kutofautisha mlingoti na mti. Waingereza walimtumia P. J. Pretorius, mwindaji wa tembo aliyelijua eneo hilo, akapenya mikoko kwa miguu na kwa mtumbwi kuitafuta meli na kupima kina cha maji. Mtu aliyezoea kufuata nyayo za tembo ndiye aliyeuona uongo wa matawi. Ndege zikasaidia kuelekeza mizinga, na meli ikazama tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi wakaendelea kupigana nayo nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa.

Thayer naye alitaka kutumika. Mwishoni mwa 1915 alivuka bahari kwenda Uingereza kulishauri jeshi, na rafiki yake John Singer Sargent, mchoraji mkubwa wa wakati ule, akamtafutia miadi katika wizara ya vita. Siku ilipofika, Thayer, aliyesumbuliwa maisha yake yote na hofu na huzuni, hakutokea. Alikuwa ameshapanda meli kurudi nyumbani. Sargent alikwenda peke yake na mfuko aliouachiwa. Alipoufungua mbele ya maofisa, ndani mlikuwa na koti kuukuu la kuwindia, limepakwa rangi ovyoovyo na kubandikwa vitambaa chakavu. Maofisa hawakujua walifanye nini.

Koti hilo linastahili heshima kuliko ililopata siku ile. Lilikuwa limetengenezwa nyumbani kwa rangi na matambara, na ndilo wazo lilelile ambalo watunza mapori wa Uskoti walikuwa wakilitumia kuwanyatia kulungu: vazi la gunia lililochanwachanwa, lisilo na mstari ulionyooka. Kikosi cha Lovat Scouts, kilichoundwa mwaka 1900 kwa ajili ya vita vya Makaburu, kilijazwa na watu wa kazi hiyo. Katika mahandaki ya Ufaransa walikutana na Hesketh-Prichard, mwindaji na mwandishi aliyeanzisha shule ya walenga shabaha mwaka 1916. Hapo ndipo bunduki yenyewe ilipoanza kuvishwa. Mlenga shabaha aliyejifunika vizuri aliweza kusalitiwa na fimbo nyeusi iliyonyooka mbele yake, kwa hiyo mtutu ulizungushiwa vipande vya gunia na kitambaa.

Sayansi ya jambo hili ilitulia mwaka 1940, Hugh Cott wa Cambridge alipotoa kitabu chake kikubwa kuhusu rangi za wanyama. Cott alikuwa mtaalamu wa wanyama, mchoraji na askari kwa pamoja, na alirekebisha kasoro za Thayer bila kumtupa. Agosti mwaka ule alipewa nafasi ya kuthibitisha maneno yake kwa mizinga miwili mikubwa ya reli. Mmoja ulipakwa mabaka ya kawaida ya jeshi. Mwingine aliupaka yeye, mweusi juu na mweupe chini, kama samaki au swala. Picha zilipigwa kutoka angani. Mzinga wa jeshi ulionekana katika kila picha. Wa Cott ulikuwa shida kuupata. Pamoja na hayo, jeshi halikuubadilisha utaratibu wake, naye akajiondoa katika kamati iliyokuwa ikilishauri. Baada ya vita alihamishia bidii yake Uganda na Rhodesia ya Kaskazini, ambako utafiti wake juu ya mamba wa Nile, uliochapishwa mwaka 1961, ulitoa hoja nzito za kuwalinda wanyama hao waliokuwa wakiuawa kwa ajili ya ngozi.

Funzo moja la Cott ndilo linalowaangusha wapakaji wengi wa nyumbani. Mabaka yakiwa madogo na mengi, kwa mbali yanayeyukiana na kuwa rangi moja tu. Bunduki iliyopambwa kwa vijani vidogo vidogo vya kupendeza hupendeza ikiwa mezani. Mita 30 kutoka hapo ni mstari mmoja wa kahawia iliyokolea. Baka lenye nguvu ni kubwa, lina tofauti kali na jirani yake, na linakata ukingo: linaanzia kwenye mtutu na kumwagikia kwenye mbao ya chini yake, ili jicho lisiufuate mtutu mpaka mwisho.

Njia ya mabaka kurudi kwa wawindaji ilipitia bustanini. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilihitaji haraka vazi la msituni kwa ajili ya Pasifiki, na mchoro wake ukatoka kwa Norvell Gillespie, mtaalamu wa bustani aliyekuwa akiandika makala za maua na miti. Lilikuwa na madoa ya kijani upande mmoja na ya kahawia upande wa pili, likivaliwa pande zote mbili. Askari wa majini wa Marekani walipigana nalo katika visiwa vya Solomon. Jeshi lenyewe halikulipenda kwa muda mrefu, kwa kuwa madoa yalimsaidia aliyetulia na kumwonyesha anayetembea. Vita ilipokwisha, shehena za nguo hizo ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na walionunua ni wawindaji wa bata. Hao kazi yao ni kukaa kimya alfajiri kwenye matete, wakingoja bata washuke. Kilichokuwa kasoro vitani kilikuwa sifa ziwani. Viwanda vya nguo vikaunakili mchoro huo kwa rangi za majani makavu, na kwa miaka thelathini ukawa sare isiyo rasmi ya mwindaji wa Marekani.

Bunduki ilibaki nyuma. Mtu alivaa madoa kuanzia kofia hadi viatu, akakumbatia kitako cha mjozi kinachong'aa.

Kilichomwezesha kuibadilisha nyumbani ni kopo. Mwaka 1949 Edward Seymour, muuza rangi wa mji wa Sycamore, Illinois, alitafuta namna ya kuonyesha rangi yake ya alumini ya kupaka vifaa vya kupasha nyumba joto. Mkewe Bonnie alimpa wazo la kutumia kopo la kupulizia, kama yale yaliyokuwa yakitumika kwa dawa za wadudu. Seymour alitia rangi ndani, ikafanya kazi, na biashara ya kuonyesha rangi ikageuka biashara ya makopo. Kabla ya hapo, kupaka kitu chenye pembe, mashimo na miviringo kama bunduki kulitaka brashi na mkono mtulivu, na mara nyingi kuliacha michirizi. Kopo lilimpa mtu asiye fundi safu nyembamba, kavu kwa dakika chache. Viwanda baadaye vilitoa makopo ya kaki, kijani na kahawia yasiyong'aa kabisa, yakilenga wawindaji moja kwa moja.

Si kwamba brashi iliachwa. Mfano mkali wa bunduki zilizopakwa kwa mkono unatoka kusini mwa Afrika, katika vita vya Rhodesia vya miaka ya 1960 na 1970. Askari wa serikali ya walowezi walibeba bunduki za FN FAL zilizotoka kiwandani nyeusi, na weusi ulionyooka ni kitu adimu katika nyika ya nyasi kavu. Walizipaka kwa brashi mabaka mapana ya kijani na manjano iliyofifia, bila ustadi wowote wa kuonekana. Picha za bunduki hizo bado zinanakiliwa na wapakaji wa Marekani, ambao wengi wao hutazama rangi tu. Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kutazama zaidi ya hapo. Baadhi ya wapiganaji wa ukombozi wa ZANLA waliokuwa upande wa pili wa mitutu hiyo walifunzwa kambi ya Mgagao, Iringa, na vita ile ilikuwa juu ya haki ya wenye nchi kujitawala.

Kwa wawindaji wa bata mzinga, miaka ya 1970 na 1980 ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Ndege huyo alikuwa karibu kutoweka sehemu nyingi za Marekani, kisha mipango ya kuhamisha na kutunza makundi ikamrudisha, na wawindaji wakarudi naye. Bata mzinga ana macho makali na hofu nyingi. Mwindaji hukaa ameegemea mti, anaita kwa sauti ya jike, na dume linakuja likikagua kila kitu. Bunduki iko magotini, katikati kabisa ya picha. Wengine waliizungushia tepu ya kitambaa yenye mabaka, nafuu na rahisi kuondoa, ila ilinyonya maji ya mvua na umande, na msimu ulipokwisha walibandua tepu wakakuta kutu. Ndipo rangi ikashinda.

Nguo nazo zilikuwa zikibadilika, na mabadiliko yake yalianzia nyumbani. Jim Crumley, mwindaji wa kutumia upinde kutoka Virginia, alichoshwa na madoa ya jeshi kwa sababu mti anaoegemea mwindaji una mistari ya wima. Alitia nguo zake rangi mwenyewe, akachora magome ya miti kwa kalamu ya wino mzito, na mwaka 1980 akaanza kuuza mchoro wake kwa jina la Trebark. Mwaka 1986 wakaja wawili kwa mpigo. Bill Jordan wa Columbus, Georgia, alichora gome la mwaloni uliokuwa uwanjani kwa wazazi wake, akauita Realtree. Toxey Haas wa West Point, Mississippi, alikusanya udongo, majani na vijiti kutoka pale alipokuwa akiwinda, akavipeleka kwa watu wa viwanda vya nguo vikawe mfano, na Mossy Oak ikazaliwa.

Picha za majani zilitoka kwenye nguo zikaingia kwenye bunduki kwa njia ya Kijapani. Mwaka 1982 Motoyasu Nakanishi aliomba hataza ya Marekani kwa mtambo wa kuchapa kwa maji. Utando mwembamba unaoyeyuka, uliochapwa picha, unalazwa juu ya maji ya uvuguvugu. Unapuliziwa dawa, utando unalainika, na wino unabaki ukielea kama ngozi ya maziwa. Kitako kinazamishwa taratibu, na wino unapanda na kukumbatia kila kona. Kinaoshwa, kinakauka, kinafunikwa vanishi isiyong'aa. Viwanda vya bunduki viliikumbatia njia hiyo, na dukani mtu akaweza kuchagua mti anaotaka bunduki yake ifanane nao.

Hata hivyo makopo hayakutupwa, na sababu si bei peke yake. Picha ya kiwandani ni ya msitu wa mtu mwingine. Anayepaka mwenyewe huokota majani ya pale atakapokaa.

Utaratibu wake una nidhamu kuliko unavyoonekana. Bunduki haitakiwi kuwa na risasi, na hilo hukaguliwa kabla ya kitu kingine chochote, kisha hukaguliwa tena. Vioo vya darubini, mdomo wa mtutu, kifyatulio na sehemu zote zinazosogea hufunikwa tepu, kwa maana rangi ikiingia kwenye mtambo wa kukokia, silaha inaweza kukwama au kushindwa kufunga sawasawa. Namba ya silaha haifunikwi rangi nzito; sheria za nchi nyingi hazimvumilii mtu anayeificha au kuifuta. Mafuta yote huondolewa kwa kiyeyushi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwani alama ya kidole ikibaki chini ya rangi, hapo ndipo itakapobanduka. Mbao au plastiki inayoteleza hukwaruzwa kidogo kwa msasa laini.

Kisha rangi nyepesi zaidi hutangulia. Kopo hushikwa kama sentimita 30 kutoka kwenye chuma na kupitishwa haraka, safu nyembamba tatu badala ya nzito moja. Ikikauka, jani la mwaloni au kitawi cha msonobari hulazwa juu yake, na rangi iliyokolea hupulizwa kidogo ukingoni. Jani likiinuliwa, umbo lake linabaki jepesi katikati ya giza. Wengine hutandaza kipande cha wavu wa kufulia nguo na kupata kitu kama magamba ya nyoka. Wajuzi huacha nafasi tupu, na baadhi yao, wajue au wasijue wanamfuata Cott, hupaka chini ya mtutu rangi nyepesi kuliko juu. Bunduki ya zamani yenye nakshi haipulizwi. Thamani yake ikipotea chini ya kopo la rangi hairudi.

Swali gumu zaidi ni nani anayefichwa bunduki hiyo. Mwaka 1992 watafiti waliokusanyika Chuo Kikuu cha Georgia walipima macho ya kulungu wa mkia mweupe, wakaona kwamba ana aina mbili tu za seli za kutambua rangi, mtu akiwa na tatu. Kulungu hatofautishi rangi ya chungwa na kijani kama afanyavyo mtu, ndiyo maana majimbo mengi yanaweza kumlazimisha mwindaji avae chungwa kali bila kumharibia windo. Ndege ana aina nne za seli, hivyo bata mzinga huona zaidi ya mwindaji wake. Kwake yeye mabaka yana maana, na bado usalama una kauli yake: mwindaji wa bata mzinga huonywa asivae nyekundu, nyeupe wala samawati, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na wapo waliopigwa risasi na wenzao kwa kosa hilo.

Afrika Mashariki imebaki na kaki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania, inayoruhusu uwindaji wa kitalii, haitaki kumwona raia na mabaka, na jeshi limerudia mara nyingi kuonya dhidi ya nguo zinazofanana na sare zake. Mgeni anayekuja kuwinda huambiwa aache nyumbani kombati aliyozoea kuvaa kwao. Anaambiwa pia aache samawati na nyeusi, kwa sababu mbung'o huzifuata rangi hizo, na ndizo zinazotumika kushonea mitego yao. Bunduki yake hubaki kama ilivyotoka kiwandani, na mtu anayemtegemea ili asionekane ni mfuata nyayo aliye mbele yake, anayejua upepo unakotoka.

Huko Mississippi, rangi ya kopo huanza kulika pale mkono unaposhika, chini ya mtutu na kwenye shingo ya kitako. Wengi huiacha ilike. Wengine hupuliza upya kila msimu, kijani zaidi kwa bata mzinga wa majira ya kuchipua, kahawia na manjano kwa bata wa maji wa majira ya baridi, na baada ya miaka kadhaa rangi inakuwa nene kiasi kwamba hubidi iondolewe yote kwa kiyeyushi ndipo waanze tena kwenye chuma kitupu.